Vitu vya Watu Katika Nyumba ya Tandika

Mume wangu alifanya kazi ya stoo katika kiwanda kimoja huko Chang'ombe kwa miaka thelathini na mmoja. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani na vitu viwili: saa ya ukutani aliyopewa zawadi na wenzake, na ramani ya Tanzania iliyokuwa imebandikwa ofisini kwake, imepauka upande wa magharibi kwa jua la dirishani. Saa aliiweka juu ya kabati bila kuiangalia mara ya pili. Ramani aliitandaza mezani, akaweka kikombe kila pembe isijikunje, kisha akaniita.

"Mama watoto, njoo uone."

Nilikuja na mikono yenye unga. Akaanza kunionyesha kwa kidole: Tanga, Lushoto, Moshi, akazunguka mpaka Mwanza na Bukoba, akashuka Kigoma, Sumbawanga, Mbeya, Songea, akatokea Mtwara na kurudi Temeke kwa barabara ya kusini. Kidole hakikusita hata mahali pamoja. Nikajua mara moja kwamba ameshaizunguka njia ile mara nyingi peke yake, huku watu wakimsubiri dirishani awatolee misumari.

"Miaka yote napokea mizigo kutoka huko na kutuma mizigo huko," akasema. "Mie mwenyewe sijavuka Morogoro."

"Wiki ngapi?" nikamuuliza.

"Mwaka."

Wanangu wanapenda kusimulia kwamba baba yao alinibembeleza. Si kweli. Nilikubali kabla hajaondoa kidole kwenye ramani. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, miguu mizima, watoto wote watatu wana nyumba zao, na nilikuwa nimepika pilau la harusi za watu kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukaa mwezi mzima kama mgeni mahali popote. Nilimpa sharti moja tu. Nimalize kwanza shughuli za mwezi wa baada ya Idi, zile nilizokwisha kuzikubali, kwa sababu sijawahi kumwangusha mwenye shughuli.

Tukapanga hivi. Nyumba tungewapangisha walimu wawili vijana, mume na mke, kwa mwaka mmoja, na kodi yao ndiyo ingetulisha na kutulaza gesti huko njiani. Vyombo vyetu vingekwenda Kimbiji kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ana chumba cha uani kisichokaliwa na mtu. Na sie tungeondoka na begi moja moja.

Habari ilitoka nje kabla hatujaamua nani aambiwe kwanza. Jirani yangu wa kulia alinikuta bombani asubuhi.

"Nasikia mnahama."

"Hatuhami. Tunakwenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Mikoani. Mwaka mmoja."

Akaweka ndoo chini, akashusha sauti. "Mmegombana na nani?"

Huyo nilimweza. Wifi ndiye aliyenitoa jasho. Alitokea Jumamosi na kapu la mihogo na nazi, hakukaa barazani kama kawaida yake, akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwetu na kufunga mlango.

"Shikamoo, wifi," nikasema.

"Marahaba. Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Wifi yangu, mie si mtoto mdogo. Mtu akianza kufunga vyombo na kutaka kuwaona ndugu wa mikoa yote, ana jambo mwilini. Ni yeye au ni wewe?"

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, na kucheka kwangu kukamtia wasiwasi zaidi. Ikabidi nimwite mume wangu. Alipoelezwa, akafungua vifungo vya shati akamwonyesha dada yake tumbo. Wifi alimtazama kwa makini, akamshika kwa mkono kabisa, pale pembeni ya mbavu.

"Mbona umenenepa?"

"Ndiyo nakwambia, dada."

Alipoamini kwamba tuko wazima, ndipo alipokasirika kwelikweli. "Kumbe ni starehe tu! Watu wazima na wajukuu wenu!" Alinuna mpaka chakula kikaiva. Katikati ya kula akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Na Kigoma mtafika?" Mume wangu akamwambia tutafika. "Basi niletee mawese," akasema, na tukajua chumba cha Kimbiji tumekipata.

Mume wangu aliifunga nyumba kama stoo. Alikusanya maboksi ya sabuni na ya tambi madukani, akanunua selotepu pana na kalamu ya maka, akafungua daftari jipya la mistari. Sebuleni alichora sakafuni kwa chaki sehemu tatu: vitakavyobaki na wapangaji, vitakavyokwenda Kimbiji, na vitakavyokwenda na sie. Aliniletea begi la mgongoni. Nikamwambia mgongoni sijawahi kubeba kitu isipokuwa mtoto, na siwezi kuanza sasa. Akalibadilisha, akaniletea lenye magurudumu. Mie ni mtu wa kurundika. Nikiona kitu nakifunga kwenye kanga nakisukuma. Yeye alikuwa akifungua furushi langu, anakunja upya, anaandika, kisha ananiuliza mambo kama, "Hivi vijiko ni kumi na tisa. Cha ishirini kiko wapi?" Siku ya kwanza nilimjibu. Siku ya pili nilimtuma dukani makusudi ili nipumue.

Lakini siku hiyohiyo ya pili alichukua chaki akachora sehemu ya nne. Tulikuwa tumegundua kwamba nyumba yetu ilikuwa na vitu vya watu.

Chini ya kitanda cha wageni kulikuwa na sanduku la nguo za shemeji yangu, ambaye alisema anapita kuliacha wiki moja. Uani kulikuwa na baiskeli ndogo ya mtoto wa mdogo wangu. Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu. Kulikuwa na viti sita vya plastiki vya msikiti vilivyokuja kwa ajili ya hitima ya mama mkwe, birika la jirani wa nyuma, pasi ya makaa ambayo hakuna aliyejua ni ya nani, na gauni la mtu lenye kadi ya pongezi bado mfukoni. Mume wangu alisimama katikati ya vitu vile akashika kiuno.

"Mama watoto, hii stoo yako inapokea tu. Haitoi."

Tukaanza kurudisha. Nilifurahia kazi ile kuliko nilivyotegemea. Jirani wa nyuma alipoona birika lake alipiga ukelele, kwa sababu alikuwa amemsingizia wifi yake mwenyewe kwa miaka. Mzee wa msikiti alipokea viti, akavigeuza kimoja kimoja kutazama miguu, akatuombea dua ya safari palepale mlangoni. Baiskeli tulimpa mjukuu wa fundi viatu wa kona. Kila kitu kilipotoka, mume wangu alikipiga mstari kwenye daftari.

Mwisho tukafika jikoni, kwenye sufuria mbili.

Zilikuwa sufuria kubwa za shughuli, nzito, za kupikia gunia zima la mchele kwa mikupuo michache. Kila moja ilikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye sikio, kama ambavyo wapishi tunatia alama ili vyombo visichanganyike shughulini. Rangi yangu ni ya kijani.

"Hizi za nani?" mume wangu akauliza, kalamu mkononi, ingawa alijua.

"Andika zetu. Ziende Kimbiji."

Hakuandika.

"Andika basi."

"Siandiki uongo kwenye boksi," akasema. Hakusema kwa ukali. Alifunika kalamu yake, akatoka nje kwenda kukaa barazani, akaniacha na sufuria.

Zilikuwa za shoga yangu. Nasema shoga yangu kwa sababu hakuna neno jingine ninaloweza kumwita, hata katika miaka sita ambayo hatukusemeshana. Tulianza kupika pamoja tukiwa tunanyonyesha. Mie nilikuwa na sauti na wateja. Yeye alikuwa na mkono, na alikuwa na sufuria zile alizoachiwa na mama yake. Tulipika Temeke yote, tukapika Kinondoni, tukaitwa mpaka Bagamoyo. Nikisema sikuwa na rafiki mwingine, sijazidisha.

Kisha ikaja harusi ya Mbagala. Tulichelewa kuletewa nyama, wageni walikuwa wameshaanza kuingia, na mie nilikuwa na haraka. Shoga yangu ndiye aliyekuwa na zamu ya moto, lakini alikuwa amekwenda kukata vitunguu vya kachumbari. Nikaona moto unapoa. Nikaingiza magogo mawili chini ya sufuria kubwa, nikaondoka kwenda kuhangaika na mambo mengine. Pilau likaungua. Halikuungua ukoko tu. Harufu ya moshi ilipanda mpaka juu, na wali ule ukapakuliwa hivyohivyo kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mjomba wa bibi harusi akaja jikoni amefura. Akauliza mbele ya wapishi wote na akina mama waliokuwa wakipakua, nani alikuwa anaangalia moto.

Nikanyoosha mwiko. "Muulizeni huyu."

Shoga yangu alinitazama. Alifuta mikono kwenye kanga, akachukua mkoba wake, akaondoka bila neno. Sufuria zake zikabaki, nikazirudisha kwangu kwenye gari pamoja na zangu. Nilitegemea azifuate. Hakuzifuata, akahamia Sinza, na mie kiburi hakikuniruhusu kuzipeleka. Na jambo la aibu kuliko yote ni kwamba nilikuwa nikizipikia. Miaka sita, shughuli baada ya shughuli, pilau langu lilisifiwa likiwa ndani ya sufuria za mama yake.

Mume wangu alijua zimebaki. Hakujua habari ya magogo mawili. Nilimwambia jioni ile barazani, na hakunisuta. Aliuliza tu, "Nikutafutie kirikuu kesho?"

"Kesho," nikasema.

Alitaka kunisindikiza. Nikamkatalia. Kirikuu kile, kigari kidogo cha mizigo cha mtu wa mtaani kwetu, kilinipakia mie na sufuria asubuhi ya saa tatu, tukavuka mji. Kule Sinza nilielekezwa na muuza maji mpaka nyuma ya baa moja ambayo ilikuwa inapiga muziki asubuhi ile kama vile ni usiku wa sikukuu. Nikamkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda, sinia la mchele mapajani, anachagua.

"Hodi."

"Karibu," akasema, halafu akainua uso. Mikono ikasimama. Akanitazama mie, akatazama nje getini, pale dereva alipokuwa anafungua kamba.

"Ni zenyewe?" akauliza.

"Ni zenyewe."

"Zimekuja zenyewe au umezileta?"

"Nimezileta."

Dereva aliziweka ukutani, akatoka. Shoga yangu hakuinuka. Alikuwa amenenepa kidogo na ameanza kuvaa miwani, na ilinikera kwamba mtu mwingine asiyekuwa mie ndiye aliyemwona akianza kuvaa miwani.

"Kwa nini leo?" akauliza.

"Nasafiri. Tunafunga nyumba."

"Makka, kuhiji?"

"Hapana. Tanga, Bukoba, Kigoma. Tunazunguka tu."

Akanitazama juu ya miwani kama ananipima akili, kisha akarudi kwenye mchele. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani, mazuri, yenye kuanza na salamu na kumaliza na dua. Yote yakanikimbia. Nikasema moja kwa moja, nikiwa bado nimesimama.

"Siku ile Mbagala, mie ndiye niliyeongeza kuni."

Alipata kijiwe kwenye sinia. Alikitoa kwa kucha, akakitupa.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuona. Nilikuwa mlango wa uani nakata vitunguu. Magogo mawili. Nikasema moyoni, huyu leo ana haraka, ngoja nimalize kitunguu hiki nikaondoe moja. Sikuwahi."

"Mbona hukusema? Pale mbele za watu, ungesema tu."

"Niseme iwe nini? Tubishane kwenye harusi ya watu? Nilikungoja useme wewe. Nilingoja siku ile. Nikangoja kesho yake, nikangoja mwezi mzima, kila simu ikilia nasema ni yeye. Mwaka wa pili nikaacha."

Nikamwambia nisamehe. Hakusema amenisamehe. Aliweka sinia chini, akainuka, akaenda kwenye sufuria zake. Alizigonga kwa vidole, moja kisha nyingine, akasikiliza. Akaizungusha ile kubwa.

"Hapa pamebonyea."

"Iliangushwa kwenye gari. Shughuli ya Yombo."

"Kwa hiyo umezipikia."

"Nimezipikia. Miaka yote."

Akaingia ndani. Nilikaa pale uani nikisikiliza muziki wa baa, nikawaza kwamba pengine hatoki tena na kwamba nitakuwa sina haki ya kulalamika. Alipotoka alikuwa na bilauri ya ukwaju. Akanipa bila kunitazama machoni, akarudi kwenye kigoda.

"Shughuli zako za mwaka huu nani anapika?"

"Hakuna. Za baada ya Idi nimezimaliza, zilizobaki nimezikataa. Kuna wawili wamelia kabisa."

"Nipe namba zao."

Nilizitoa kwenye simu, akaziandika nyuma ya kalenda ya zamani, polepole, anarudia kila tarakimu. Alipomaliza akasema, "Usidhani tumerudi palepale."

"Sidhani."

"Ukirudi huko kwako Bukoba tutaona."

Hakunisindikiza mpaka barabarani. Alinisindikiza mpaka getini. Nilipanda kwenye kirikuu nikiwa mwepesi na nikiwa nimeumia, vyote viwili, na ndivyo ninavyojisikia hadi leo nikiikumbuka asubuhi ile. Tumeendelea kusemeshana kwa simu. Namwambia bei ya ndizi nilipo, ananiambia nani kaoa na nani kashindwa kupika. Urafiki ule wa zamani hatujaurudia. Huu wa sasa una adabu zaidi, na kuna siku nadhani ni bora.

Nyumbani mume wangu alikuwa anafunga vitabu vya watoto. Hakuniuliza habari nzima. "Amezipokea?" tu.

"Amezipokea. Kanipa ukwaju."

"Wa sukari?"

"Wa sukari."

"Basi," akasema, akachukua daftari akapiga mstari.

Wiki ya mwisho ilikwenda kwa kasi. Kirikuu kilekile kilibeba maboksi yetu mpaka Kimbiji kwa safari mbili, na mara ya pili kilizama kwenye mchanga karibu na kwa wifi, tukakisukuma sie wenyewe na vijana wawili waliokuwa wakitoka kuoga baharini. Wifi alikuwa amefagia chumba na kulaza magogo ya mnazi sakafuni ili mchwa wasiguse kitu. Alilichukua daftari la mume wangu, akasimama mlangoni na kuhesabu boksi moja moja likiingia, kwa sauti, kama vile yeye hatuamini sie. Mume wangu alimwangalia akanong'ona, "Huyu ndiye angefaa stoo." Alipofika boksi la mwisho na hesabu ikatimia, akakunja daftari akaliweka kwenye mkunjo wa kanga yake. Hakulirudisha.

Nilitegemea nitalia siku ya kuondoka. Niliingia katika ile nyumba nikiwa bibi harusi, ikiwa na vyumba viwili na choo cha nje, na kila tofali lililoongezeka najua lilikuja mwaka gani. Asubuhi ile nilifagia vyumba vyote ingawa vilikuwa safi. Mume wangu alikuwa nje na mabegi, anamweleza dereva wa teksi njia ya kwenda stendi ya Mbezi, njia ambayo dereva anaijua kuliko yeye.

Wale walimu walikuwa wameshafika na mizigo yao. Mume alikuwa anahangaika na godoro mlangoni. Mke, binti mwembamba wa Iringa mwenye sauti ya chini, alinipa shikamoo mara mbili kwa woga, kisha akaniuliza kama anaweza kusogeza meza ya jikoni. Ile meza nilikuwa nimewaachia. Imekaa ukutani karibu na jiko tangu ilipotoka kwa seremala, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini iko pale.

"Ni kwako sasa, mwanangu," nikamwambia. "Sogeza."

Tukaishika pamoja, yeye upande mmoja na mie upande wa pili, tukaipeleka chini ya dirisha la uani. Jua la asubuhi likaangukia juu yake. Akavuta kigoda akakaa, akatazama nje kwenye mpapai, akatabasamu bila kujua kwamba namwona. Pale ndipo ilipofaa kukaa siku zote, na mie sikuwahi kufikiria. Nilisimama kidogo kuiangalia. Kisha nikampa funguo zote tatu, nikamwonyesha ule wa geti unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo uzunguke, nikatoka nje kwa mume wangu.